Nani Atampeleleza Maiti Mmoja, Nchi Ikizika Kila Siku?

Nilipokuwa kijana vitabu vya Bwana Msa vilikuwa vikipita mkono kwa mkono mitaani kwetu mpaka majalada yakabanduka. Maalim wetu wa chuoni hakuvipenda. Alikuwa akitwambia kwamba hadithi za kubuni humsahaulisha mtu juzuu yake, nasi tukiitika "labeka", kisha ukifika usiku tukajifunika shuka na tochi, tukasoma. Marehemu Muhammed Said Abdulla, mwana wa Unguja, alishinda mashindano ya kutunga hadithi ya 1957/58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, na mwaka 1960 kikatoka Mzimu wa Watu wa Kale. Tangu hapo Waswahili tukawa na mpelelezi wetu wenyewe, kiko mdomoni, akili hailali.

Utamu wa hadithi zile, ukiuchunguza vyema, watokana na jambo moja: kifo ni ajabu. Mtu mmoja akutwa ameuawa, basi askari waja, majirani wanong'ona, na msomaji hana raha mpaka muuaji atajwe jina. Akishatajwa, kila kitu charudi mahali pake na watu wakaendelea kunywa kahawa.

Lakini mtunzi afanyeje ikiwa nchi yake imefika pahali ambapo kifo si ajabu tena? Ambapo asubuhi watu huamka, wakasikia idadi ya waliochinjwa usiku, wakafunga vifungo vya mashati yao na kwenda kazini? Swali hili limenikaa kichwani tangu binti wa kakangu aliponiletea kitabu kutoka Nairobi anakosoma. "Ami," akanambia, "wewe ulokuwa ukimpenda Bwana Msa, hebu soma hiki."

Kitabu chenyewe chaitwa Morituri. Ni neno la Kilatini lenye maana ya watu walio karibu kufa. Kilitoka Paris mwaka 1997 kwa Kifaransa, na tafsiri ya Kiingereza, ndiyo niliyoisoma mimi, ikafuata mwaka 2003. Ni riwaya ya upelelezi, na mji wake ni Algiers, mji mkuu wa Aljeria, katika ile miaka ambayo wenyewe Waaljeria huiita mwongo mweusi. Jina la mtunzi ni Yasmina Khadra. Yasmini ni ua letu hili la kutungia vikuba, na khadra ni kijani kibichi kwa anayekumbuka Kiarabu chake cha chuoni. Nikajiuliza, ni bibi gani huyu aijuaye bunduki ya polisi namna hii?

Kumbe si bibi.

AFISA MWENYE JINA LA MKEWE

Mtunzi huyu ni Mohammed Moulessehoul, aliyezaliwa mwaka 1955 huko Kenadsa, upande wa jangwani. Babake alipigana katika vita vya uhuru dhidi ya Wafaransa, akaona mwanawe naye awe askari. Basi akiwa mtoto wa miaka tisa akatiwa katika shule ya kijeshi, na huko jeshini akakaa miaka 36, akafikia cheo cha meja. Mtoto wa miaka tisa! Wenzangu tuliopelekwa chuoni tukilia na ubao kwapani, angalau jioni tulirudi kwa mama zetu.

Alikuwa akiandika tangu ujana na akachapisha hadithi kadhaa kwa jina lake. Mwishoni mwa miaka ya themanini wakubwa wake wakataka kila aandikacho kipite kwanza mbele ya kamati ya jeshi. Hakukubali kupeleka kurasa zake zikakaguliwe kama mizigo ya bandarini, wala hakutaka kuacha kuandika. Ndipo alipochukua majina mawili ya mkewe, akaandika kwa siri. Mchana afisa wa jeshi yumo vitani, usiku "bibi" atunga riwaya. Wafaransa wakafurahi mno kumpata mwanamke wa Kiarabu mwenye kalamu kali kiasi hicho, wakaandika habari zake kwa sifa. Mwaka 2001, akiwa ameshatoka jeshini, akajitoa hadharani, na utaona baadaye kwamba furaha ile ilipungua ghafla.

Mimi nimewajua washairi wengi wa pwani waliojificha nyuma ya lakabu, Ustadh huyu na Malenga yule, lakini mwanamume kujiazima jina la mkewe ni jambo ambalo barazani kwetu lingechekwa wiki nzima. Nikimfikiria mkewe, nacheka kidogo tu. Jina likijulikana ni la nani, anayetafutwa ni yeye na wanawe.

MWAKA HUO ULIANZA VIPI

Wasomaji wengine walikuwa hawajazaliwa, kwa hivyo yafaa tukumbushane kwa ufupi. Aljeria ilipata uhuru mwaka 1962, na chama kimoja, FLN, kikatawala peke yake. Oktoba 1988 vijana wakaingia barabarani kwa sababu ya maisha magumu, na jeshi likawapiga risasi, wakafa mamia. Mwaka uliofuata vyama vingi vikaruhusiwa. Tarehe 26 Desemba 1991 watu wakapiga kura ya duru ya kwanza, na chama cha Kiislamu cha FIS kikapata viti 188 mara moja. Duru ya pili haikufanyika. Tarehe 11 Januari 1992 Rais Chadli Bendjedid akajiuzulu, jeshi likashika mambo, uchaguzi ukafutwa, na Machi FIS ikapigwa marufuku. Maelfu ya wafuasi wake wakapelekwa makambini Sahara.

Hapo kila mtu akachukua silaha yake. Jeshi na polisi upande mmoja, vikundi vya msituni upande wa pili, na kikundi kilichoogopwa zaidi kilikuwa GIA. Wakuu wa nchi wakamwita Mohamed Boudiaf, mzee wa mapambano ya uhuru aliyekuwa ameishi uhamishoni Moroko miaka mingi, aje awe kiongozi. Hakumaliza miezi sita. Tarehe 29 Juni 1992, mjini Annaba, akiwa amekaa mbele ya watu na kamera za televisheni, akihutubia, akapigwa risasi na askari wa kikosi chake mwenyewe cha ulinzi. Ningeyasoma haya katika riwaya, ningesema mtunzi amepita kiasi.

Kisha ikawa zamu ya watu wa kalamu. Tahar Djaout, mshairi, mtunzi wa riwaya na mwandishi wa gazeti, alipigwa risasi nje ya nyumba yake tarehe 26 Mei 1993, akafa wiki iliyofuata, umri wake miaka 39. Abdelkader Alloula, bingwa wa tamthilia, alipigwa huko Oran mwezi wa Machi 1994. Septemba ya mwaka huo huo akauawa Cheb Hasni, kijana wa miaka 26 aliyekuwa akiimba nyimbo za mapenzi, naye huko huko Oran. Mimi nami hula kwa shairi na kwa gazeti, na orodha hii sikuweza kuisoma nikiwa nimelala. Niliketi.

Mpaka vita vilipopoa, makadirio ya waliokufa yalikuwa kati ya watu 100,000 na 200,000. Waliochukuliwa na vyombo vya dola na hawakuonekana tena, hesabu ya tume ya serikali yenyewe ilifika 6,146.

KAMISHNA LLOB

Sasa ndani ya bahari hiyo ya damu Moulessehoul amemtia mtu mmoja, Brahim Llob, kamishna wa polisi. Usidanganyike na cheo. Kwa utaratibu wa Kifaransa kamishna si mkubwa wa nchi nzima. Ni afisa mwenye ofisi yake, mshahara wa kumtosha kwa shida, mke mvumilivu aitwaye Mina, na msaidizi kijana aitwaye Lino ambaye hupenda nguo na wasichana kuliko mafaili. Llob naye huandika vitabu vya upelelezi, jambo ambalo wakubwa wake hawalipendi. Msomaji atatambua utani huo umetoka wapi.

Kila asubuhi Llob hutoka mlangoni kwake kama mtu aendaye kusaliwa. Polisi wauawa ovyo, hivyo huitazama gari kabla ya kuigusa, huitazama njia, huwatazama vijana waliosimama pembeni. Hapo ndipo kitabu kilinishika koo. Katika hadithi za upelelezi tulizozizoea, mpelelezi huwa salama. Bwana Msa hana hofu kwamba muuza maji amekuja kumchinja. Llob anayo hofu hiyo kila siku. Wala hana wakati wa kutia kiko.

Siku moja aitwa na bwana mkubwa mmoja wa zamani, Ghoul Malek, aliyekuwa na nguvu katika utawala uliopita na bado ana nyumba kama ikulu. Jina lenyewe ni onyo: ghul ni zimwi, na malik ni mfalme. Bwana huyo ataka Llob amtafutie binti yake, Sabrine, aliyepotea. Binti mmoja! Mjini maiti waokotwa njiani, vijiji vyateketezwa, na polisi mzima aambiwa aache yote atafute msichana mmoja wa tajiri aliyekuwa akizurura katika majumba ya starehe. Llob akasirika, na msomaji pia akasirika. Lakini aenda.

Na kwa kuufuata uzi wa msichana yule, aingia katika vyumba ambavyo magazeti hayakuingia. Akuta wenye mahoteli, wenye fedha na wakubwa waliostaafu ambao vita hivi vyawafaa. Soko likichomwa leo, kiwanja chake chanunuliwa kesho. Akuta muuaji wa wasomi ajiitaye Abou Kalybse, jina la mchezo wa maneno linalosikika kama neno la Kizungu la mwisho wa dunia, na nyuma ya muuaji yupo alipaye. Wale vijana wenye ndevu na mapanga, kwa Llob, wengi wao ni maskini wa vichochoroni walioshikishwa silaha na watu wasiowajua, wakaambiwa ni jihadi.

Mwisho siusemi. Nitasema tu kwamba kumtafuta mtu mmoja, pale ambapo watu wanahesabiwa kwa mamia, ndilo jambo lililonifanya nikione kitabu hiki kuwa kikubwa kuliko unene wake. Taarifa ya habari husema "watu 40 wameuawa" ikaenda kwenye mpira. Riwaya ya upelelezi haiwezi kufanya hivyo, kwa asili yake. Lazima iulize huyu mmoja alikuwa nani, alionekana wapi mara ya mwisho, alikuwa na nani, na nani amefaidika.

Kasoro zipo. Mtunzi hupenda tashbihi mno. Hapiti mtu mnene bila kufananishwa na mnyama, na machweo ya jua hayaruhusiwi kuchwea hivi hivi. Sisi wa vina na mizani tungemshauri apunguze chumvi. Wanawake nao katika Morituri ama ni Mina wa jikoni ama ni wale wa majumba ya usiku, na kwa mtu aliyetumia jina la mkewe miaka yote hiyo, nilitaraji zaidi.

KAULI YA MZEE

Kitabu nilikipeleka barazani. Mzee mmoja wetu, mtu ninayemheshimu na ambaye amesoma kuliko sisi sote pale, alikishika, akakigeuza, akanirudishia. "Vitabu namna hii vyatuchafulia dini," akasema. "Mzungu akisoma, atasema hao ndio Waislamu. Na huyu aliyeandika ni askari wa wale waliofuta kura. Wewe maalim, wataka tukisifu?"

Maneno hayo yana uzito, na sikuweza kuyajibu usiku ule. Nayajibu hapa kwa kadiri niwezavyo.

La kwanza, la dini. Ni kweli wapo waliovinunua vitabu hivi Ulaya ili waione ile sura yetu waliyokwisha kuichora. Lakini Llob ni Mwislamu, Mina ni Mwislamu, na walalao makaburini ni Waislamu. Usiku wa tarehe 22 Septemba 1997, katika mtaa wa Bentalha ulio kando ya Algiers, waliuawa watu zaidi ya 200, wanawake na watoto wachanga wakiwamo. Mwisho wa Desemba ya mwaka huo huo, Ramadhani imeingia, vijiji vya Relizane vikachinjwa. Hao nao wana haki ya kutajwa, na sioni kwa nini tumwachie mgeni peke yake kuwataja. Anayelitia jina la Mwenyezi Mungu juu ya kisu chake ndiye aliyetuchafua, kabla mtunzi hajachovya kalamu.

La pili, la uaskari, ndilo gumu zaidi, na hapo mzee ana hoja. Mwaka ule ule wa 2001 Moulessehoul alipojitaja, afisa mwingine wa zamani wa jeshi hilo, Habib Souaïdia, alitoa kitabu Ufaransa, La Sale Guerre, akishuhudia kwamba askari nao waliua raia na kutesa watu. Mwaka mmoja kabla yake mkazi wa Bentalha, Nesroulah Yous, alikuwa ameuliza kwa jina la kitabu chake ni nani aliyeua pale, maana kambi za jeshi hazikuwa mbali na wauaji walifanya kazi yao saa nyingi. Jenerali Khaled Nezzar, aliyekuwa waziri wa ulinzi, alimshitaki Souaïdia kwa kumvunjia heshima, na mwaka 2002 mahakama ya Paris ikayakataa madai ya jenerali.

Katika mjadala huo Moulessehoul alisimama na jeshi. Alisema yeye alikuwako vitani, na waliochinja vijiji ni vikundi vya msituni. Waliokuwa wakimsifu "bibi Yasmina" wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni, naye akawajibu mwaka 2002 kwa kitabu kizima chenye hasira. Sina kiti cha hakimu cha kuamua kati yao. Lakini nilirudi nikamsoma Llob upya nikiwa na jambo hilo akilini, na nikaona kitu. Llob hugonga mlango wa tajiri, wa mwanasiasa, wa mwenye danguro, wa mhubiri wa damu. Mlango wa kambi ya jeshi haugongi. Wale 6,146 hawamo katika faili zake. Polisi wake wapo wabaya na wala rushwa, na hawasitiri, lakini sikuona chumba cha mateso chenye bendera ya taifa ukutani.

Je, kitabu kitupwe kwa sababu hiyo? Mimi sikitupi. Shahidi aliyesimama upande mmoja wa barabara aliona upande wa pili vizuri, na ushahidi wake juu ya upande huo wafaa. Huo wake atauliziwa mwingine.

Shida ni kwamba kule Aljeria kumuuliza mwingine kukawa hatari. Mwaka 2005 watu walipiga kura kuukubali mkataba wa amani na maridhiano, na waraka wa sheria wa Februari 2006 ukaja na kifungu cha 46, chenye kifungo cha miaka mitatu mpaka mitano kwa yeyote atakayeyatumia majeraha ya ile miaka kuiharibia dola au watumishi wake jina. Wauaji wengi walisamehewa, na familia nyingi za waliopotea zikapewa fidia badala ya jibu. Mwaka 2024 Kamel Daoud alipata tuzo ya Goncourt, kubwa kuliko zote Ufaransa, kwa riwaya yake Houris, yaani hurulaini, juu ya mwanamke aliyekatwa koo utotoni katika ile miaka akaishi bila sauti. Mwaka huo huo mchapishaji wake alizuiwa kushiriki katika maonyesho ya vitabu ya Algiers.

Hapa kwetu tusijione tuko mbali. Adam Shafi alipotoa Haini, riwaya iliyojengwa juu ya kamatakamata na mateso ya Unguja baada ya kuuawa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, mwaka ulikuwa 2003. Yalikuwa yamepita miaka 31, na wapo waliojua kila kitu waliokufa kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza.

Nilimweleza mzee haya yote, akanisikiliza mpaka kahawa ikapoa. Hakusema nimeshinda. Aliuliza tu, "Na huyo Llob wako, aliishia wapi?"

Nikamwambia. Baada ya Morituri kikaja cha pili mwaka huo huo wa 1997, juu ya mwanadiplomasia wa zamani aliyeuawa kikatili, kisha cha tatu mwaka 1998. Katika hicho cha tatu Llob afukuzwa kazi kwa sababu imegunduliwa kwamba yeye ndiye aliyeandika kitabu kiitwacho Morituri kwa jina la Yasmina Khadra. Azunguka mjini hana kazi, azika rafiki, arudi kijijini kwao akayaone magofu. Mwishoni wampiga risasi barabarani, akafa. Mtunzi wake alikuwa bado jeshini, bado kwa siri, alipoiandika maiti ile.

"Innalillahi," akasema mzee, kana kwamba ni mtu wa mtaani kwetu.

Lakini mwaka 2004 Moulessehoul, akiwa Ufaransa na kwa jina ambalo dunia nzima sasa yajua ni la nani, alimrudisha Llob katika kitabu cha nne. Hakumfufua. Alirudi nyuma mpaka 1988, Algiers tulivu, Llob akipiga miayo ofisini kwa kukosa kazi na kulalamika juu ya chai. Oktoba bado haijafika.

Mzee akanyosha mkono. Hicho, akasema, angekisoma.